Mwongozo kwa Aliyepatwa na Sanaa Kisiwani Mvita

Dalili ya kwanza hutokea kazini, mara nyingi baada ya adhuhuri, saa ambazo joto la Mombasa humtaka kila mwenye akili zake alale. Mbele yako pana fomu ya mzigo unaotolewa bandarini. Upande wa mbele umejaza nambari ya kontena. Upande wa nyuma umeandika beti mbili, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa, na hukumbuki uliziandika saa ngapi.

Dalili ya pili ni ya njiani. Unapita Ndia Kuu, mwenye mkokoteni wa maji yuko nyuma yako anapiga kelele apishwe, nawe umesimama katikati unatazama nakshi za mlango, ukijiuliza fundi alianzia ua lipi. Ya tatu huja harusini. Wenzako wanauliza biriani itapakuliwa saa ngapi. Wewe umesogea karibu na wapiga ala kwa sababu mshororo wa tatu wa wimbo umekukera, na unajua hasa ungeuandika vipi.

Ukiwa nazo zote tatu, mwongozo huu ni wako, uwe kijana wa Kibokoni, Kuze au Majengo, ama mtu mzima wa Tudor ambaye wanawe wameshaoa. Jambo hili halitazami umri.

Jipime kabla hujasema na mtu

Watu wengi hudhani wanapenda sanaa, kumbe wanapenda kupigiwa makofi. Kuna njia ya kujua. Chukua kazi uliyoimaliza mwezi uliopita, ile ambayo rafiki zako waliisifu kwenye WhatsApp, uitazame kwa jicho la adui. Tafuta kina kilicholazimishwa, mstari uliouchora ukiwa umechoka, nota uliyoikwepa kwa kuwa vidole havikuifikia. Rekebisha. Kesho yake rekebisha tena. Ikiwa mara ya tatu bado unaona raha, tena raha iliyozidi ile ya kusifiwa, basi mambo yamekufika. Ikiwa umechoka na unaitamani simu, mshukuru Mungu, kwani utabaki msikilizaji mwema, na mji huu hauwezi kuishi bila wasikilizaji wema.

Wala usijione wa ajabu. Kisiwa hiki hakijawahi kukosa watu wa namna yako. Ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, imehifadhiwa michoro ya merikebu na watu iliyochorwa ukutani na Wareno waliokaa humo katika karne ya 17. Walitumwa kulinda ngome. Kuna aliyeshindwa kuuvumilia ukuta mtupu. Nenda ukaitazame michoro hiyo kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana inatuliza moyo kujua kwamba hata mwenye bunduki begani alipatwa.

Kisha umfikirie Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa takriban kati ya 1776 na 1840. Alitunga juu ya Mazrui na Sayyid Said, juu ya mapenzi, juu ya mambo ya kila siku ya mji, na watu wakazihifadhi beti zake vifuani. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmishonari William Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19, zingezikwa na wazee waliozikariri. Diwani ya Muyaka ilipigwa chapa mwaka 1940, yapata miaka mia moja baada ya mwenyewe kufariki. Hapa pana agizo la kwanza la mwongozo huu, nalo halina mjadala: andika. Weka tarehe. Weka nakala mbili, moja nje ya simu, maana simu huanguka baharini pale Mama Ngina watu wakila mihogo.

Kumwambia mama

Wakati ni nusu ya shughuli. Usimwambie mchana wa Ramadhani. Usimwambie siku ambayo bili ya umeme imefika. Mwambie baada ya Isha, ameshakula, ameshavua buibui, na hakuna jirani ukumbini, kwa sababu mbele ya jirani atalazimika kuwa mkali kuliko anavyotaka.

Usianze na neno sanaa. Anza na kilicho mwilini mwake. Leso aliyojifunga ina pindo, ina mji, na ina jina, na kila kimoja kilitoka kichwani mwa mtu. Mtu alikaa akalichora lile pindo. Mwingine akalifikiri lile jina, akalipunguza hadi likaenea katika mstari mmoja na bado likamfikia jirani aliyekusudiwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo watu hulijua kwa jina la Mali ya Abdulla, limo katika biashara hii tangu 1887. Zaidi ya karne nzima akina mama wa Pwani wamekwenda Biashara Street, wakasoma majina, wakachagua, wakalipa pesa taslimu. Mama yako ni mnunuzi wa fasihi. Mweleze hivyo kwa adabu na uso mkavu, kwa maana ni kweli tupu.

Jibu lake linajulikana. “Mwanangu, mimi sikukatazi. Lakini utakula nini?”

Usikasirike. Hili ndilo swali bora utakaloulizwa katika kazi yako yote, na wengi watakaokusifu baadaye hawatajali kuliuliza. Mama hapigani na mashairi. Amewaona waimbaji waliokesha wakiburudisha harusi za watu, na wao wenyewe kodi ya chumba ikawashinda. Amemwona msanii akitibiwa kwa mchango wa msikitini. Hofu yake ina ushahidi, na mtu anayekuja na ushahidi hajibiwi kwa ndoto. Mjibu kwa hesabu. Mwonyeshe ulichopata mwezi huu kwa kazi ya mkono wako, hata kikiwa shilingi mia nane za kumwandikia mtu shairi la kumuaga mwalimu mkuu. Mwambie mchango wako wa unga na umeme hautapungua. Kisha mwombe kitu kimoja tu: mlango wa chumba ubaki umefungwa kuanzia alfajiri hadi saa moja, na mtoto asitumwe kuja kukuamsha ukanunue mahamri.

Ukiwa binti, mazungumzo yatakuwa marefu zaidi, kwa sababu swali la pili litakuwa watu watasema nini. Mkumbushe Siti binti Saad wa Unguja, aliyetembeza vyungu kabla ya kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi. Mkumbushe kwamba Mombasa imewaoza mabinti zake kwa sauti za Zuhura Swaleh na Malika, na huenda yeye mwenyewe aliingia ukumbini kwa mojawapo. Akitaka mfano wa siku hizi, yupo Nyota Ndogo, aliyefanya kazi katika nyumba za watu kabla jina lake halijaijaza Pwani. Usimalize yote usiku mmoja. Acha mengine kwa shangazi, ambaye kwa kawaida ana wimbo wake mwenyewe aliouficha.

Kuhusu ami

Ami hatauliza utakula nini. Atakuarifu.

“Kuna nafasi bandarini. Nimezungumza na mtu.”

Katika kila ukoo wa kisiwa hiki yupo mtu ambaye ami amezungumza naye. Msikilize hadi mwisho, mwitikie kwa heshima, halafu mtajie Shaaban Robert. Mshairi huyo ambaye ami mwenyewe alimkariri shuleni alikuwa karani wa forodha huko Tanganyika tangu 1926 hadi 1944. Miaka 18 ya mihuri na orodha za mizigo, naye akawa Shaaban Robert. Ukishalisema hilo, mpe ami jibu ambalo hakulitarajia: “Naam, ami. Nipe nambari yake.”

Ichukue kazi. Nasema haya kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimewaona vijana wenye vipaji vya kweli wakiacha ajira kwa ghadhabu siku ya Jumatatu, na kufikia mwisho wa mwezi wakawa wanaandika chochote, kwa yeyote, kwa bei yoyote. Njaa ni mhariri mbaya. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alisomesha katika Chuo Kikuu cha Kent miaka mingi huku akiandika riwaya zake, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 2021 akiwa ameshastaafu. Siku ya kuacha utaijua bila kuambiwa: pesa za sanaa zitakuwa zimelipa kodi miezi sita mfululizo, na mwenye duka la mtaani hana jina lako kwenye kitabu chake cha mkopo.

Kuhusu kungojea vifaa

Utajiambia huwezi kuanza bila kompyuta, bila kamera, bila studio yenye kiyoyozi. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, akatumikia miaka mitatu. Gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalitoka kuwa kitabu, Sauti ya Dhiki, mwaka 1973, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Simtaji ili uione dhiki kuwa mwalimu mzuri. Hakuna mtu aliyestahili kuandika katika hali ile. Namtaja ili ujue kwamba simu iliyo mfukoni mwako, hata ile yenye kioo kilichopasuka, ni karakana kubwa.

Tafuta mwenzio

Wasanii wengi wa leo hutaka kuwa kila kitu. Atunge yeye, aimbe yeye, arekodi, apige picha, auze, ajitetee kwa wanaomkosoa. Mwisho analala mwaka mzima. Mombasa haikuimba hivyo. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na sauti ambayo hadi leo ikitoka kwenye redio ya kinyozi, wembe hupunguza mwendo. Lakini mengi ya maneno yaliyokuwa kinywani mwake yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya 1971, ambaye ni ndugu yake huyo huyo Abdilatif. Mmoja alipima mizani, mwingine akabeba pumzi. Nyuma ya mwimbaji wa taarabu ya mji huu walikaa watu wa tabla, wa kinanda, na wa taishokoto, chombo kilichotoka Japani kikapata uenyeji hapa. Zein l'Abdin alikuja na udi wake kutoka Lamu, akafanya Mombasa kuwa kwake. Na kulikuwa na warekodi na wauzaji wa kanda, kama Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale, ambao bila wao tusingekuwa na cha kusikiliza. Hao wote walikuwa watu wenye kazi mbalimbali, waliojuana kwa salamu, wengi wao wakiishi mwendo mfupi wa miguu kutoka mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo tafuta watu wawili. Wa kwanza awe anaweza usichokiweza. Ukiwa na maneno, tafuta mwenye vidole; ukiwa na picha, tafuta mwenye kisa. Kituo cha Swahilipot, kilichofunguliwa mwaka 2016 karibu na Fort Jesus, kimejaa vijana wa aina hii, na utamtambua wa kwako kwa kuwa mtabishana kabla hamjatajiana majina.

Wa pili awe amekuzidi umri na ufundi. Kwa huyu, adabu ndiyo ada. Fika asubuhi, toa salamu, keti, wala usitoe simu kumrekodi kabla hajakuruhusu. Siku ya kwanza hutafundishwa chochote. Utatumwa kahawa. Nenda kalete kahawa, kwa sababu mchonga mlango anayekuona ukirudi na kikombe ambacho hakikumwagika ameshajua jambo la maana kuhusu mkono wako.

Kazi ya kwanza usiipeleke kwa rafiki

Ipeleke barazani, baada ya Alasiri, mwenye kahawa akishaanza kugonganisha vikombe. Soma kwa sauti, bila utangulizi na bila kuomba radhi. Watakukatiza katika ubeti wa pili. Mmoja atasema hicho si kina. Mwingine atasema marehemu babu yako ndiye aliyejua kutunga. Wa tatu, ambaye ulidhani amelala, atausahihisha mshororo wako kwa namna utakayoichukia hadi usiku wa manane, kisha utaitumia.

Hakuna shule ya uandishi ninayoiamini kuliko hii. Wazee hawa hawakusomi kwa huruma, hawakuogopi, na hawana haja ya kukufurahisha. Ukitoka salama, tuma shairi lako kwa ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo, ambako malenga wa kaunti zote watakujibu kwa beti, wengine kwa ukali. Na siku utakapomsikia mtu wa baraza nyingine akiutamka ubeti wako bila kujua ni wako, nyamaza. Mwache amalize. Sikiliza neno alilolibadilisha, kwani mara nyingi amelibadilisha vizuri.

Bei

Sasa pesa, jambo ambalo wasanii hulizungumza kwa aibu na kwa hivyo hulipwa kwa aibu.

Nenda ukamtazame mwanamke anayepaka hina na piko, siku mbili kabla ya Idd. Foleni imefika kibarazani. Bei anaitaja mara moja: mkono kiasi hiki, mikono na miguu kiasi hiki, bibi harusi kiasi kingine. Anachukua arubuni. Ukichelewa, zamu imepita. Hakuna anayethubutu kumwambia apake bure ili apate kujulikana. Huyu ni mchoraji anayechora bila kufuta, juu ya ngozi yenye jasho, watoto wakilia pembeni, kazi ambayo baada ya wiki mbili haipo tena, na analipwa kabla mteja hajainuka. Simjui mwalimu wa biashara ya sanaa anayemshinda katika kisiwa hiki, nami naona uchungu kwamba hatumwiti msanii ilhali tunamwita hivyo kijana mwenye wimbo mmoja.

Mwige. Taja bei kabla ya kikombe cha pili. Andika mapatano hata kama mteja ni mtoto wa ami; ujumbe wa simu unatosha, mradi utaje kazi, siku na kiasi. Pesa za kutunzwa jukwaani ni heshima, zipokee kwa mikono miwili, ila usizitie kwenye bajeti.

Mikataba ina mambo yake. Them Mushrooms, kundi la akina Harrison lililoanza mwaka 1972, lilikuwa likipiga muziki katika mahoteli ya Pwani lilipotoa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wimbo ule umeimbwa tena na watu wasiohesabika, na hakuna ufuo ambao haujaufikia. Wimbo ukishatoka mlangoni mwa hoteli hausimami kukuuliza umelipwa nini. Kwa hiyo ijue Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001: kazi ni yako tangu ilipoandikwa au kurekodiwa, na inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada yake, maana yake wajukuu zako wana haki humo kabla hawajazaliwa. Isajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, uwe na ushahidi siku ya ugomvi. Ukikuta maneno “haki zote” na “milele” katika sentensi moja, usitie sahihi siku hiyo. Sema unakwenda kumuuliza mama. Ni kweli, na hakuna wakili anayelijua swali la utakula nini kumshinda.

Kama itabidi uhamie Nairobi, nenda. Them Mushrooms wenyewe walihamia huko mwaka 1987. Ila nenda na kazi iliyokwisha.

Mwisho, nunua daftari. Upande wa kushoto andika kilichoingia, wa kulia kilichotoka, na kurasa za nyuma ziwe za madeni ya watu. Utalihitaji mapema kuliko unavyodhani, kwa maana habari za ushairi wako zitamfikia ami. Jioni moja atakuja, ataulizia afya yako, ataisifu kanzu yako, kisha atasema bintiye anaolewa na angependa utenzi mfupi, beti thelathini hivi, wenye majina ya mababu wa pande zote mbili. Furahi, maana ami ameshakubali. Mfanyie kwa nusu ya bei, kwa sababu ya damu. Arubuni ichukue palepale.